Vidaka vikipukutika, tazama kwanza ni chungu gani anayetawala mnazi

Mnazi ukipukutisha vidaka, yaani nazi changa, wengi Unguja na Pemba husema ni jua, au udongo umechoka, au mti umezeeka. Huenda ikawa kweli, maana hata mnazi mzima huangusha vidaka vingi usivyoweza kuvilea. Lakini usihukumu mapema. Okota vidaka kumi vilivyoanguka asubuhi hiyohiyo, bandua vigamba vya kichwani, kisha vikate kwa kisu kikali. Ukikuta madoa ya kahawia yaliyobonyea, yameanzia chini ya vigamba na kuzama ndani, kidaka hicho kimedungwa. Tazama na nazi zilizosalia juu: zina mipasuko mirefu kwenye kumbi, na utomvu umeganda humo kama gundi. Hiyo ni kazi ya kunguni wa minazi.

Jina lake la kitaalamu ni *Pseudotheraptus wayi*. Lilitolewa 1955 kwa heshima ya Michael Way, mtafiti aliyemchunguza hapahapa Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 1950. Ana rangi ya kahawia iliyoelekea wekundu, urefu wake unapita sentimita moja kidogo tu. Hufyonza maua ya kike na vidaka vichanga, na madhara makubwa hutoka kwenye mate yake, ambayo huua sehemu aliyoidunga. Ndiyo maana kunguni wachache wanatosha kuuharibia mnazi mazao. Hakai kwenye mnazi peke yake: mkorosho, mwembe, mpera na mdalasini pia humlisha.

Anayemweza ni majimoto, yule chungu mwekundu anayeshona majani mabichi kwa nyuzi za watoto wake. Anawinda mchana kutwa kwenye makuti na mashada, na pale anapojaa, kunguni hapati nafasi ya kutulia na kufyonza. Nasema wazi: kuchoma viota vyake ni kujitia hasara. Najua wachumaji wa karafuu wanavyoumwa, na najua pia kwamba majimoto hufuga vidukari gamba kwenye mikarafuu ili alambe utamu wao. Hata hivyo, kwenye shamba lenye minazi, faida yake inazidi kero yake. Wakwezi na wachumaji wajipake majivu makavu mikononi na miguuni, wasichome kiota.

Basi kwa nini mashamba mengi hayana majimoto? Mara nyingi amefukuzwa na chungu wa chini, mdogo wa kahawia, *Pheidole megacephala*. Mtambue kwa askari wake: kichwa ni kikubwa mno kwa mwili wake. Hukaa ardhini, na hupenda shina la mnazi, ambapo utaona vumbi laini lililotolewa kwenye matundu. Weka kipande cha samaki au nazi iliyokunwa hapo shinani, urudi baada ya nusu saa. Wakiwa wamejaa wao, usipeleke majimoto kwenye mti huo bado. Watapanda kwa maelfu na kuwamaliza.

Kuna njia mbili za kuwapunguza. Ya kwanza ni kutopalilia mpaka ardhi ibaki tupu. Fyeka nyasi ziwe fupi, uziache, ili chungu wa chini wapate chakula hukohuko na wasipande miti kwa wingi. Ya pili ni chambo cha chembechembe chenye dawa ya kuua chungu iitwayo haidrametilnoni, ambacho hubebwa hadi kiotani na kumfikia malkia. Kitie kuzunguka shina jioni, siku kavu, maana jua huvunja dawa na mvua hulowesha chembe, chungu wakazikataa. Wakati wa masika ni kutupa pesa. Fuata kipimo cha kibandiko, na usipulize dawa ya wadudu juu ya mti, kwa kuwa itaua majimoto uliyemtaka.

Kuhamisha majimoto kunataka uangalifu zaidi. Jamaa moja, yaani kundi la chungu wa malkia mmoja, hutawala miti mingi na huwa na viota vingi, lakini malkia kwa kawaida ni mmoja, na kiota chake aghalabu kiko juu, penye jua. Ukichukua viota vichache bila yeye, vibarua wataishi miezi kadhaa, kisha wapungue mpaka waishe. Kwa hiyo hamisha viota vyote vya jamaa ile unavyoweza kuvifikia. Kata tawi pamoja na kiota alfajiri, chungu wakiwa bado wazito, tia kwenye gunia, funga mdomo, ukakitundike kivulini kwenye mti mpya siku ileile.

Usichanganye jamaa mbili. Chukua chungu watano wa mti mmoja uwaweke kwenye mwingine: wakigusana kwa vipapasio vya kichwani na kupishana, ni ndugu, wakishikana miguu na kuvutana, ni maadui, na ukiwaweka pamoja watauana.

Wiki mbili za mwanzo wape maji yenye gramu 100 za sukari kwa lita moja, kwenye kifuu, pamoja na vipande vya dagaa. Unganisha miti kwa kamba ya usumba ili wapite bila kushuka ardhini. Shamba la minazi mitupu huwashinda. Panda katikati michungwa, mistafeli au mikarafuu, maana majani yake hushoneka vizuri.

Wakishatulia, hesabu vidaka vinavyoanguka kila wiki chini ya minazi ileile mitano, uandike. Hesabu ya nazi zinazoanguliwa itachelewa: kidaka kilichookoka leo huchukua karibu miezi kumi na miwili mpaka kiwe nazi kavu.