Kizio cha paka ni nini, na kwa nini kumfungia paka chumba kingine hakutoshi

Kizio ni kitu chochote kinachoamsha mzio, au aleji kama wengi wanavyoiita. Kwa paka, watu hulaumu manyoya, lakini manyoya ni mchukuzi tu. Kizio chenyewe ni protini, na iliyo kuu inaitwa Fel d 1. Hutengenezwa kwenye tezi za mate na tezi za mafuta ya ngozi. Paka anapojilamba, mate hukauka juu ya manyoya, kisha hupukutika pamoja na mba. Kwa hiyo hata paka asiye na manyoya humpigisha mtu chafya, na anayekuuzia paka "asiye na aleji" anakuuzia maneno. Dume asiyehasiwa ndiye anayetoa kizio kingi zaidi.

Tabu iko kwenye udogo wa chembe hizo. Baadhi hazifiki hata maikroni 5, yaani sehemu 5 za elfu ya milimita. Zikitimuliwa huelea hewani kwa saa kadhaa, zikitua hung'ang'ania pazia, kochi, ukuta na nguo. Hata paka akiondoka moja kwa moja, huweza kuchukua miezi 4 hadi 6 kabla kizio hakijapungua vya kutosha. Basi kumfungia chumba cha pili saa moja kabla ya mgeni kubisha hodi kunasaidia kidogo mno. Kibaya zaidi ni kufagia na kukung'uta makochi dakika za mwisho, maana unarusha hewani kile kilichokuwa kimetulia.

Kama mgeni atalala, tenga chumba kimoja na umpige paka marufuku humo wiki kadhaa mapema, mlango ukiwa umefungwa mchana na usiku. Toa kapeti ikiwezekana, kwani kapeti huhifadhi kizio kingi kupita kiasi ukilinganisha na sakafu tupu. Godoro na mito ivalishe majalada yenye zipu yasiyopitisha vumbi. Shuka, foronya na mapazia yafue kwa sabuni na usuuze mara mbili; maji mengi ndiyo yanayokiondoa kizio, ingawa joto la nyuzi 60 lina faida ya kuua utitiri wa vumbi pia. Zikikauka, zisikunjwe juu ya kochi analolalia paka.

Sakafu ipigwe deki, na vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye unyevu. Usisahau kona za milango na miguu ya meza, chini ya usawa wa goti: ukiona alama ya kahawia yenye mafuta, hapo ndipo paka husugulia shavu, na ngozi ya uso wake ina kizio kingi. Ifute kwa maji ya sabuni. Mashine ya kufyonza vumbi iwe na kichujio cha HEPA, yaani kile kinachonasa chembe ndogo sana, la sivyo chembe ndogo hutokea nyuma ya mashine na kurudi chumbani. Kazi hii ifanywe siku moja kabla, mwenye mzio akiwa hayupo.

Kisafisha hewa chenye HEPA kinafaa chumba cha kulala, mradi kimelingana na ukubwa wa chumba na kinawashwa muda wote. Hata hivyo husafisha hewa tu. Kilichojificha ndani ya kochi hakikigusi. Kumwogesha paka hupunguza kizio, lakini baada ya siku chache kinarudi palepale, na paka ameshakununia. Kipo pia chakula cha paka chenye kingamwili za mayai kinachodhoofisha Fel d 1 kwenye mate. Kwa mwanafamilia anayeishi na paka kinafaa kujaribiwa, ila matokeo yake ni ya wiki kadhaa.

Mgeni naye, akishauriana na daktari au mfamasia, ameze antihistamini, dawa ya kutuliza mzio, kabla ya kufika, asingoje macho yaanze kuwasha. Anawe mikono akimshika paka. Mwenye pumu awe na pampu yake mfukoni. Kifua kikianza kubana au kutoa mlio, aitumie na atoke nje, na asipopata nafuu haraka apelekwe hospitali. Kwa yule ambaye pumu yake haijadhibitiwa, ni afadhali kumtafutia malazi kwingine.