Pedali kitandani: mazoezi na sonona kwa wanaosafisha damu

Mgonjwa wa figo anayesafisha damu kwa mashine mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, akisema "sina nguvu", lawama zote tunaitupia figo. Mara nyingi ni kweli. Lakini akinyamazia hata jirani wa kitanda, wajukuu wasimchangamshe, na hali ikapita wiki 2, mimi hufikiria sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Hapo mazoezi yana kazi.

Saa ninayoipenda ni hiyohiyo ya mashine, katika saa 2 za mwanzo. Baadaye maji mengi yameshatolewa, presha hushuka ghafla na anayesukuma pedali huona giza. Pedali ndogo ifungwe mwisho wa kitanda isiteleze. Mkono wenye fistula (mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji ili ichomwe sindano za mashine) utulie, usifunikwe, sindano zionekane. Mwenye katheta ya kinena (mpira wa kusafishia damu ulioingizwa kwenye mshipa wa kinena) asipige pedali kabisa. Dakika 5 bila uzito, 10 za kukaza kidogo, 5 za kupoza: aweze kuongea, asiweze kuimba. Pedali hakuna? Soksi yenye nusu kilo ya mchanga, ifungwe kifundoni kwa kipande cha kanga, ainue mguu mara 10, apumzike, arudie.

Siku zisizo na mashine ni kutembea. Wa Rau, huku chini Moshi, atoke kabla jua halijawa kali. Wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, atafute tambarare kwanza, maana mlima ule ni zoezi la mtu mzima. Dakika 5, kisha aongeze 2 kila wiki. Anayeanza na nusu saa hulala siku ya pili nzima, anajiona ameshindwa, na sonona imepata ushahidi. Nafuu yenyewe huja taratibu. Mimi hutaka miezi 4 kabla ya kuhukumu.

Akirudi na kiu, asukutue mdomo badala ya kumaliza jagi, maana maji ya ziada hubaki mwilini. Na bakuli la mtori la "kurudisha nguvu" (sisi wa Moshi tunajuana) lina potasiamu ya ndizi, madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa na yanaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Sukari ikishuka, glukosi, si juisi ya chungwa.

Asifanye zoezi akiwa amekosa kusafishwa, presha imezidi 180/100, ana homa, kifua kinauma au anahema akiwa amelala.

Dawa za sonona asiziache kwa sababu anatembea. Na akisema "niacheni, nimechoka na mashine", weka pedali kando, kaa naye, daktari ajue siku hiyohiyo.