Mabikira wakfu wa karne za kwanza hawakukaa konventini

Tangu Vatikani ilipotoa maelekezo ya mwaka 2018 kuhusu mabikira wakfu, yaani wanawake waliojitoa kwa Mungu wasiolewe, ofisi yetu ya sheria za Kanisa hupokea maswali ambayo mengi huanza hivi: "Huu usista mpya usio na shirika ni wa nini?" Mpya kivipi? Wito huu ulikuwepo kabla ya shirika lolote la kitawa.

Bikira wa enzi zile aliishi kwao, katikati ya watu. Sipriani, askofu wa Karthago katika karne ya 3, aliwaonya waliojiweza kati yao waache wanja, rangi za nywele na lulu, na wasiende kuoga kwenye mabafu ya umma pamoja na wanaume. Mtu aliyefungiwa ndani haonywi hivyo.

Wapo pia wanaong'ang'ania kwamba alipewa daraja takatifu, kama shemasi au padre. Hakupewa. Mapokeo ya Kitume, maandiko ya kale ya taratibu za Kanisa, yanasema wazi asiwekewe mikono, ambayo ndiyo ishara ya kupewa daraja. Uamuzi wake mwenyewe ndio unaomfanya bikira.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Sheria za Kaisari Augusto ziliwabana wasiooa na wasioolewa katika urithi, hadi Kaisari Konstantino alipozifuta mwaka 320. Mwaka 364 Kaisari Joviano akaweka adhabu ya kifo kwa atakayethubutu hata kumshawishi bikira wakfu aolewe. Haikupita nusu karne, dola ileile iliyokuwa ikimwadhibu sasa inamlinda kwa upanga.

Kuhusu adhabu za Kanisa, tafadhali zisichanganywe. Sinodi ya Elvira, huko Hispania, mwanzoni mwa karne ya 4, ilimnyima Komunyo hata saa ya kufa bikira aliyevunja nadhiri bila kujuta; aliyeanguka mara moja kwa udhaifu, akafanya toba maisha yake yote, aliipokea mwishoni. Sinodi ya Ankira, mwaka 314, kanuni ya 19, ilimhesabu aliyevunja nadhiri pamoja na waliooa au kuolewa mara ya pili. Mtaguso wa Kalsedonia, mwaka 451, kanuni ya 16, ulimtenga na Komunyo aliyeolewa, ila askofu wa mahali akaachiwa mamlaka ya kumhurumia. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wasimuliaji wengi hukiruka.

Kwa wanaouliza utaratibu wa leo: kanuni ya 604 ya Mkusanyo wa Sheria za Kanisa inamtaja askofu wa jimbo kuwa ndiye anayeweka wakfu. Barua kwa mama wakuu wa mashirika hazisaidii.