Mjamzito na paka wa mwenyeji

Ndugu mjamzito anapokuja kutembea, mabishano huanza mapema: wageni wanataka paka atolewe nje, wakiamini kwamba kumgusa tu, au kuvuta manyoya yake puani, kunaharibu mimba, huku mwenye paka akiona kwamba nyumba yake imeitwa chafu.

Hofu hiyo ina chanzo cha kweli, ila imeelekezwa pasipo. Kimelea cha toksoplasma, ambacho kinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni hasa mama akiambukizwa kwa mara ya kwanza wakati wa ujauzito, huzaliana ndani ya utumbo wa paka na kutoka pamoja na kinyesi, si kwa manyoya wala pumzi. Kwa kawaida paka hutoa vijiyai vya kimelea hicho kwa wiki 1 hadi 3 hivi baada ya kuambukizwa mara ya kwanza, navyo huhitaji siku 1 hadi 5 nje ya mwili kabla ya kuweza kuambukiza. Ndiyo maana sanduku la mchanga ambamo paka hujisaidia, likisafishwa kila siku na mtu asiye mjamzito, huondoa sehemu kubwa ya hatari. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa udongo zinastahili kuogopwa kuliko paka aliyejilalia kochini, ingawa wageni ni nadra kuzikagua.

Hata hivyo, wageni wana haki katika jambo moja: paka aliyetoka kufukia kinyesi chake hapaswi kupanda juu ya meza panapoandaliwa chakula.