Je, wajua kwa nini mezani kwa muuza tambi wa Bangkok kuna sukari?

Ukiketi kwenye kibanda cha tambi huko Bangkok, kabla bakuli halijafika utakuta mezani vikopo vinne vimepangwa pamoja. Kimoja kina sosi ya samaki, cha pili siki yenye vipande vya pilipili, cha tatu pilipili kavu ya unga. Cha nne kina sukari nyeupe, ileile tunayotia kwenye chai. Chai haipo. Sukari hiyo ni ya supu.

Sababu ni kwamba bakuli la tambi, wenyewe wanaliita kuaitiao, huletwa makusudi likiwa bado halijakolea. Mpishi amechemsha mifupa kwa saa nyingi, supu imetulia, chumvi yake ndogo. Kukoleza amekuachia wewe. Wathai wanapenda ladha nne zikutane kinywani, yaani chumvi, uchachu, utamu na ukali wa pilipili, na kila mtu ana kipimo chake. Kwa hiyo usiogope kwamba ukichota vikopo utamvunjia mpishi heshima. Ndivyo anavyotarajia ufanye. Ila onja kwanza supu tupu, unywe japo kijiko kimoja, maana bila hivyo hutajua unarekebisha nini.

Kila kikopo kina kazi yake. Sosi ya samaki, nam pla, hutengenezwa kwa dagaa wa baharini waliochanganywa na chumvi na kuachwa kwenye mapipa kwa mwaka mzima au zaidi, mpaka watoe maji ya rangi ya kahawia. Ukiinusa chupani unaweza kurudi nyuma hatua mbili. Ndani ya supu ya moto harufu hiyo inatulia, unabaki na ladha nzito kama ya nyama iliyochemka siku kutwa, kwa sababu protini za samaki zimevunjika na kutoa glutameti, kemikali inayoleta ladha hiyo nzito. Siki inakata mafuta. Pilipili inawasha kwa kuwa kemikali yake, kapsaisini, inaamsha neva zilezile zinazohisi joto la moto, na ndiyo maana ulimi unaamini umeungua. Kunywa maji hakusaidii sana, kwani kapsaisini haiyeyuki vizuri kwenye maji.

Na sukari? Inalainisha siki na kuupoza moto wa pilipili. Jaribu hivi: tia siki na pilipili mpaka mdomo ukunjike, kisha nyunyiza nusu kijiko cha sukari, koroga, onja tena. Hutasikia utamu wa sukari. Utasikia supu imekaa sawa. Kwangu mimi hapo ndipo mtu anapoanza kukielewa chakula cha Thailand.

Ajabu ni kwamba mengi katika bakuli hilo yalitoka mbali. Tambi zililetwa na wahamiaji wa Kichina, na jina kuaitiao limetokana na lahaja zao za kusini mwa China. Pilipili asili yake ni bara la Amerika. Wareno ndio walioisambaza Asia katika karne ya 16, Wareno haohao tuliokutana nao pwani ya Afrika Mashariki. Hata pad thai, tambi za kukaanga zinazojulikana dunia nzima, ilienea baada ya serikali ya Plaek Phibunsongkhram, waziri mkuu kuanzia 1938 hadi 1944, kuwahimiza wananchi kula tambi. Uchachu wake unatoka kwenye ukwaju.

Kwenye som tam, saladi ya papai bichi, mambo hubadilika kidogo. Hapa unasema mapema unavyotaka ikolezwe, kwa sababu kila kitu kinapondwa kwenye kinu mbele yako: pilipili na kitunguu saumu kwanza, kisha sukari ya mnazi au mvumo, ndimu, nam pla, halafu papai lililokatwa nyuzinyuzi. Muuzaji anapiga mchi kwa mkono mmoja na kugeuza kwa kijiko kwa mkono wa pili. Akikuuliza "phet mai?" anataka kujua kama unataka kali. Jibu "mai phet" ukitaka isiwashe, na bado itawasha.

Ustadi huu ulitambuliwa rasmi mwishoni mwa 2017, mwongozo wa Michelin, ule unaopima mikahawa na kuipa nyota iliyo bora, ulipotoa toleo lake la kwanza la Bangkok. Mpishi wa mtaani anayeitwa Jay Fai alipata nyota moja. Ni mama mtu mzima anayepika mwenyewe kwenye majiko ya mkaa, macho yamekingwa kwa miwani mikubwa kama ya watelezaji wa theluji, na sahani yake maarufu ni mayai ya kukaanga yaliyojazwa nyama ya kaa.

Kama huli nguruwe, jifunze neno "mu", maana ndiye huyo, na yumo kwenye supu nyingi. "Kai" ni kuku, "nuea" ni ng'ombe. Tafuta vibanda vya Waislamu vyenye alama ya halali, uagize khao mok kai: wali wa manjano wenye viungo na kuku ndani, ndugu kabisa wa biriani. Pembeni utapewa kibakuli cha sosi ya kijani ya nanaa, pilipili na siki. Ionje taratibu. Sukari imo.