Billie Holiday hakufungwa kwa kuimba

Kila inapoonyeshwa kwa mjadala filamu ya mwaka 2021, The United States vs. Billie Holiday, kuhusu mwimbaji mweusi wa jazi wa Marekani, wa kwanza kunyoosha mkono husema lilelile: serikali ya Marekani ilipiga marufuku "Strange Fruit", wimbo wa kulaani mauaji ya kunyonga watu weusi, Billie akakaidi, ndiyo maana akafungwa. Si kweli. Na kosa hili lina madhara, kwa sababu anayelishikilia haoni Billie alivyobanwa hasa.

Hakukuwa na sheria wala hukumu iliyoukataza wimbo huo. Billie alianza kuuimba mwaka 1939 katika kilabu cha Café Society, New York. Kampuni yake ya santuri, Columbia, ilikataa kuurekodi, basi ukarekodiwa kwa Commodore tarehe 20 Aprili mwaka huohuo. Huo ulikuwa woga wa wafanyabiashara. Aliurekodi upya mwaka 1956, na Februari 1959, miezi mitano kabla ya kufa, akauimba kwenye televisheni London. Wimbo gani wa marufuku huo? Watu hudai kwamba Harry Anslinger, mkuu wa idara ya shirikisho ya kupambana na dawa za kulevya, alimwamuru auache. Hati ya amri hiyo haijapata kuonyeshwa.

Kwamba Anslinger aliwawinda wanamuziki wa jazi ni jambo jingine, na hilo halina shaka. Aliiongoza idara ile tangu 1930 hadi 1962, na wanamuziki alikuwa amewafungulia faili. Ila mwenye sheria ya heroini mkononi ana haja gani ya kukataza wimbo? Billie alitumia heroini kweli. Mlango ulikuwa wazi.

Mei 1947 maofisa walivamia hoteli aliyofikia Philadelphia; yeye akakamatwa New York siku chache baadaye. Tarehe 27 alisimama mahakamani bila wakili, akakiri kosa, akasema yuko tayari kwenda hospitali. Alipewa mwaka mmoja na siku moja katika gereza la wanawake la Alderson, West Virginia, akatoka tarehe 16 Machi 1948. Siku kumi na moja baadaye Carnegie Hall ilijaa watu waliokuja kumsikiliza.

Hapo watazamaji hupiga makofi na kudhani ameshinda. Adhabu yenyewe ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. New York wakati ule, ili ufanye kazi mahali pa burudani panapouzwa pombe, ulihitaji kadi ya kabareti. Kadi ilitolewa na polisi wa jiji. Ulichukuliwa alama za vidole, ukapigwa picha, na baada ya muda ukairudia upya. Polisi waliweza kuinyima au kuifuta kwa sababu ya rekodi ya jinai, bila kesi mpya na bila jaji. Billie alinyimwa. Aliruhusiwa kuimba Carnegie Hall kwa kuwa ni ukumbi wa tamasha, usio na meza za pombe. Kilabu kidogo cha watu hamsini kikafungwa kwake. Na vilabu ndivyo vilivyomlisha mwimbaji wa jazi: wiki nzima mahali pamoja, ujira unaotabirika, analala kitandani kwake. Bila kadi ilibidi azunguke miji ya mbali, hoteli hadi hoteli, pamoja na wauzaji walewale wa heroini na wanaume walewale waliokula fedha zake. Mpiga piano wa jazi Thelonious Monk naye alikatwa na kisu hichohicho tangu 1951 hadi 1957. Mfumo wenyewe ulifutwa mwaka 1967, Billie akiwa kaburini miaka minane.

Kwa hiyo ushauri wangu ni uleule kila mara: katika kila tukio la kukamatwa, jiulize ni nani aliyemkamata, kwa shitaka gani, na baada ya hapo alipoteza nini. Filamu huchanganya haya ili iende mbio. San Francisco, Januari 1949, alikamatwa na maofisa wa Anslinger, lakini baraza la wazee wa mahakama likamwachilia. Karibu hakuna anayelikumbuka hilo. Mwaka 1959 alikamatwa akiwa mgonjwa kitandani, Metropolitan Hospital, askari wakawekwa mlangoni.

Mengine hayahitaji maneno mengi. "Strange Fruit" hakuutunga yeye, ingawa kitabu cha maisha yake kinamfanya aonekane kuwa na mkono humo. Ni shairi la Abel Meeropol, mwalimu wa shule huko Bronx, lililochapishwa mwaka 1937. Ukitaka kujua ni nani aliyehojiwa rasmi kuhusu wimbo huo, ni huyo Meeropol: kamati ya jimbo la New York iliyowasaka Wakomunisti mashuleni ilimuuliza kama chama kilimlipa autunge.

Jimmy Fletcher, ofisa mweusi aliyetumwa kumpeleleza, alikuwepo kweli. Mapenzi yake na Billie mnayoyaona kwenye skrini ni kazi ya mwandishi, na kwa maoni yangu yanakula dakika ambazo kadi ya kabareti ilizistahili zaidi.

Hakufa kwa kuzidisha heroini. Ini lilikuwa limeharibika kwa pombe, moyo ukashindwa, tarehe 17 Julai 1959, akiwa na miaka 44.

Na sauti kwenye filamu? Ni ya Andra Day mwenyewe, aliyemwigiza Billie na kupata tuzo ya Golden Globe kwa uigizaji huo. Anaigiza mikwaruzo ya miaka ya mwisho vizuri mno, kiasi kwamba wengi hutoka wakidhani Billie aliimba hivyo tangu mwanzo. Sikiliza rekodi ya 1939 kabla ya filamu, ile ya 1956 baada yake.