Marco Polo hakuleta aiskrimu

Mwezi wa kumi, joto la Lubumbashi likiwa limepamba moto na watoto wakimzunguka muuza aiskrimu kule Kenya, mtaa wa mji huo, hakosekani mzee wa kuwaambia: "Hiyo kitu Marco Polo aliitoa China." Hata mimi nilikua nikiamini hivyo. Sivyo.

Marco Polo, msafiri wa Italia, alirudi kwao Venice mwaka 1295, na hakuna maandishi ya wakati wake yanayomhusisha na aiskrimu. Hadithi ilizuka karne ya 19. Pacha wake ni ile ya Catherine de' Medici, Mwitaliano aliyekuja kuwa malkia wa Ufaransa, eti aliipeleka Ufaransa alipoolewa mwaka 1533, binti wa miaka 14. Mapishi ya kwanza ya aiskrimu kwa Kifaransa yalichapishwa zaidi ya miaka 100 baadaye!

Kilicholeta aiskrimu ni chumvi. Jaza ndoo barafu iliyopondwa, nyunyizia chumvi tele, tumbukiza kopo la maziwa yenye sukari, kisha lizungushe. Barafu inayeyuka, lakini badala ya kupoteza baridi inashuka chini ya sifuri, na maziwa yanaanza kugandia ukingoni mwa kopo. Mwandishi wa Kiarabu alishaeleza ujanja huo karne ya 13.

Na ladha? Vanila ilikuwa na wenzake wa ajabu. Naples, miaka ya 1690, Antonio Latini aliandika mapishi ya sorbeti (kitindamlo kilichogandishwa) ya maziwa yenye boga lililopikwa kwa sukari. London, mwaka 1789, Frederick Nutt akatoa aiskrimu ya jibini la Parma. Hilo la jibini nawaachia wenyewe. La boga ningeonja.